Editi Yako Inagoma Wapi? Dalili, Visababishi na Tiba kwa Wanaotengeneza Video za Kishabiki

Ujumbe ninaotumiwa huanza hivi: "Kaka, hii programu ni mbovu." Nikiomba nitumiwe faili, naangalia, na mara nyingi programu haina kosa. Kosa liko kwenye hedifoni, au kwenye kipande cha video kilichopita magrupu kumi ya WhatsApp, au kwenye uamuzi uliofanywa kabla hata mkasi haujagusa kitu.

Video ya kishabiki ninayoizungumzia ni ile ya kuchukua matukio ya tamthilia ya Kituruki, katuni za Kijapani au mechi uliyoikesha, ukayapanga juu ya wimbo mmoja mpaka wimbo na picha viseme jambo ambalo kila kimoja peke yake hakikulisema. Kama yako haisemi, tafuta dalili yako hapa chini. Visababishi nimevipanga kuanzia kinachotokea sana. Usiruke cha kwanza kwa kukiona cha kijinga.

DALILI: Picha haziendani na mdundo

*Hedifoni za bluetooth.* Zivue kwanza, ndipo tuongee. Sauti inayopita kwenye bluetooth inachelewa kufika sikioni, mara nyingi sehemu moja hadi mbili za kumi za sekunde, au zaidi. Ukiweka alama za mdundo kwa kusikiliza na kugonga, unagonga baada ya ngoma kupita. Kwenye mradi wa fremu 25 kwa sekunde (fremu ni kila picha mgando inayounda video), kuchelewa kwa milisekunde 200 ni fremu 5 nzima. Baadhi ya programu hujirekebisha, nyingine hapana.

Mimi nilikesha siku tatu na editi ya dakika mbili, masikioni hedifoni za rangi nyeusi za bei ya machinga. Nikaenda nayo kwa rafiki yangu mwenye TV kubwa, tukaweka flashi, na kila mkato ukawa unaingia kama mtu anayepiga makofi baada ya wenzake. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono akapunguza sauti. Tiba ilikuwa dakika mbili tu: kuvuta wimbo mbele fremu chache hadi kilele cha ngoma kwenye wimbi la sauti kikalie mkato. Lakini zile siku tatu sikurudishiwa.

*Unakata kila biti.* Wimbo wa singeli unaweza kufika biti 240 kwa dakika, yaani biti nne kila sekunde. Ukikata kwenye kila moja, kila picha inakaa robo sekunde, na jicho linapata rangi tu bila kumjua nani amefanya nini. Kata kwenye biti ya kwanza ya kila nne, halafu hifadhi mikato ya haraka kwa sehemu moja ambapo mpigaji mwenyewe anazidisha. Kwenye bongofleva ya taratibu shida huwa kinyume chake: mtu anasubiri mstari mzima wa mwimbaji uishe ndipo abadilishe picha, na video inasinzia.

Hapa simama kidogo. Wengi wanaokata singeli hupenda kuweka mwako mweupe kwenye kila biti. Miako minne kwa sekunde imevuka kikomo kinachokubalika kwenye utangazaji na tovuti, ambacho ni mitatu. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilirushwa Japani kikiwa na mwako wa haraka wa bluu na nyekundu, na mamia ya watoto walipelekwa hospitali. Mwenye kifafa cha mwanga anaweza asijue kuwa anacho hadi siku hiyo. Punguza miako, au ifanye hafifu na midogo kwenye skrini. Na kama wewe mwenyewe unahisi kizunguzungu, macho kucheza au mkono kushtuka wakati wa kuhariri, funga simu uende kwa daktari. Hilo halina tiba kwenye programu.

*Hesabu za fremu hazigawanyiki.* Zidisha fremu kwa sekunde mara 60, gawa kwa biti za wimbo kwa dakika. Wimbo wa biti 100 kwenye fremu 25 unatoa fremu 15 kwa kila biti, safi kabisa. Wimbo wa biti 120 unatoa 12 na nusu, na nusu fremu haipo. Ukinakili kipande cha fremu 12 mara nane, umeshatoka kwenye mdundo kwa fremu 4. Usinakili urefu. Weka alama kwenye wimbo wenyewe, kisha nyoosha au fupisha kila kipande kifike kwenye alama yake.

*Mkato uko sahihi, mwendo hauko.* Hiki ndicho kinachowatenganisha wanaojifunza na walioiva. Mtazamaji hasikii mkato, anasikia pigo: mlango unaofungwa, mpira unaogusa wavu, kichwa kinachogeuka. Chukua kipande cha mlango. Ukikata kwenye biti mlango ukiwa bado wazi, pigo litatokea fremu 8 baadaye, hewani, pasipo ngoma. Acha urefu wa kipande kama ulivyo, telezesha picha iliyo ndani yake hadi ile fremu ambayo mlango unagonga ukuta ikae juu ya ngoma. Mkato wenyewe uutangulize fremu moja au mbili kabla ya biti. Jicho linahitaji muda wa kufika.

DALILI: Wakati wa kuhariri ilikuwa sawa, ilipotoka vipande vimesogea

Karibu kila mara ni video iliyorekodiwa kwa kunasa skrini ya simu, au iliyopigwa na kamera ya simu. Simu haiweki idadi moja ya fremu. Ikichoka inapunguza, ikipumzika inaongeza. Programu inakisia wakati wa kukuonyesha, kisha inakisia tofauti wakati wa kutoa faili la mwisho (export). Utaona zaidi kwenye vipande vya tamasha, pale mdomo wa mwimbaji unapoanza sawa na mwisho unaachana na maneno.

Pima kwanza: angalia mwanzo, katikati na mwisho. Kama umechelewa kiasi kilekile pote, rudi kwenye bluetooth hapo juu. Kama pengo linakua, geuza vipande vyako viwe na fremu zisizobadilika kabla ya kuviingiza. Kwenye kompyuta programu ya HandBrake inafanya hivyo bure. Kwenye simu, ingiza kila chanzo peke yake, kitoe kwa fremu 25 au 30, kisha tumia hilo faili jipya. Mradi nao uwe na idadi hiyohiyo.

DALILI: Picha ina chenga, mistari, au nembo ya mtu

*Chenga.* Uliza ulikipata wapi. Kila mara kipande kinapotumwa kama video ya kawaida kwenye WhatsApp kinabanwa upya, na kilichopotea hakirudi. Zile programu zinazoahidi kuongeza ubora zinachora uso mpya juu ya uso. Matokeo yake mwigizaji anang'aa kama mdoli wa dukani. Mwambie aliyekupa akutumie kama hati, si kama video. Faili linafika kama lilivyoondoka.

*Mistari kama meno ya kitana* kila mtu anaposogea. Hiyo ni rekodi ya TV ya zamani au DVD, ambamo kila fremu imefumwa kwa nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti. Ifumue kwa kichujio maalumu kabla ya kukata na kabla ya kubadilisha ukubwa. Ukishaikuza, meno yamechomelewa humo humo na hakuna kichujio cha kuyatoa.

*Filamu iliyotafsiriwa.* Hili ni letu. Sauti ya msimulizi haikusumbui kwa sababu utaizima, lakini pale chini kuna jina lake na namba ya simu, tena wakati mwingine linatembea. Watu wanakuza picha ili kuisukuma nje ya fremu, wakakata paji la uso la mhusika. Wengine wanapaka ukungu, na ukungu unavuta jicho kuliko namba yenyewe. Tafuta nakala isiyotafsiriwa. Ukiikosa, chagua matukio ya uso wa karibu ambayo yanavumilia kukuzwa.

DALILI: Kila kitu kiko sawa lakini haimgusi mtu

Hii ndiyo inayouma, maana hakuna kitufe chake. Mikato inakaa, picha ni safi, rangi tamu, na watu wanaipita kama tangazo la dawa ya mbu.

*Haijulikani nani anaimba.* Wimbo una "mimi" na "wewe" ndani yake. Mtazamaji anataka ampe mtu fulani hiyo sauti. Kama sekunde kumi za kwanza zina nyuso sita, hana wa kumpa. Jaribio: zima sauti, mwonyeshe mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo tamthilia, kisha umuulize, nani kamkosea nani? Akijibu "sijui, ila ni nzuri", umepata ugonjwa wako. Tiba ni kumweka mwimbaji wako wa kwanza peke yake kwenye fremu, kimya, kabla ya neno la kwanza, na kumrudisha kila "mimi" inaporudi. Ukitaka kubadilisha mwimbaji kwenye ubeti wa pili, ruksa, tena inapendeza: maneno yaleyale ya lawama yakitoka kwa mkosaji yanageuka maana. Ila tuonyeshe ubadilishaji huo. Mtazamaji asilazimike kukisia.

*Unatafsiri neno kwa neno.* Wimbo unasema mvua, unaweka mvua. Unasema machozi, unaweka machozi. Unasema moyo, mhusika anashika kifua. Mtazamaji keshasikia neno, hana haja ya kuonyeshwa. Ngoja nionyeshe moja. Nilikuwa na tamthilia ya mama aliyefiwa, na wimbo wenye kiitikio cha kungoja. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mama dirishani, mama mlangoni, mama barabarani, yaani mwenye kungoja anangoja. Ilikuwa imekufa. Kulikuwa na tukio dogo nililolitupa: anaandaa meza, anaweka sahani mbili, anasita, anairudisha moja kabatini. Sekunde nne. Nikaliokota nikaliweka pale kiitikio kinapoisha na ala zinanyamaza kabla ya ubeti wa pili. Sahani inagusa kabati kwenye ile ngoma moja ya kuingilia. Dirisha, mlango na barabara nikavifuta vyote. Aliyeniandikia kwanza alisema amelia na hajui kwa nini. Neno "ngoja" halikuimbwa popote karibu na ile sahani.

*Umemaliza akiba mapema.* Busu, kifo, bao la dakika ya 90, vyote viko ndani ya sekunde 15 za kwanza kwa sababu umeambiwa watu wanatelezesha kidole. Baada ya hapo huna cha kupandia. Chagua tukio lako zito kuliko yote, liweke kwenye kiitikio cha mwisho, halafu mwanzoni weka nusu yake: mkono unaonyooshwa bila kuonyesha unamfikia nani.

*Vikorombwezo vya programu.* Mtikisiko, mwali, maandishi yanayoruka. Zima vyote, tazama. Editi ikianguka bila hivyo, haikuwa imesimama. Kandy Fong, anayetajwa kama mwanzilishi wa kazi hii, mwaka 1975 aliwaonyesha mashabiki wenzake wa tamthilia ya Star Trek picha za slaidi, picha mgando, akizibadilisha kwa kufuata wimbo. Hakuwa na mkato wa video hata mmoja. Alikuwa na mpangilio na muda.

DALILI: Umekwama baada ya kiitikio cha kwanza

Kila edita ninayemfahamu ana folda ya maiti: miradi iliyofika sekunde ya 50 ikafa.

*Huna ghala la vipande.* Ulianza na matukio matano unayoyapenda, yameisha, na sasa unatafuta la sita kwa kutelezesha kidole ndani ya sehemu 40 za tamthilia. Acha kukata. Tazama chanzo chote upya ukiwa na daftari, andika dakika, kinachotokea, mhusika anatazama upande gani, na mwendo unaelekea wapi. Upande wa macho ni muhimu kuliko unavyodhani: mmoja akitazama kulia na mwingine kushoto, ukiwaunganisha wanaongea, hata kama walipigwa picha miaka mitatu mbali. Kazi hii inachosha, nakubali. Lakini mara nyingi inakula muda mwingi kuliko kukata kwenyewe, na ndiko editi inakotengenezwa.

*Wimbo ni mrefu.* Dakika nne ni nyingi. Punguza ubeti wa pili. Kata mwanzoni mwa biti ya kwanza ya kipimo (kundi la biti, mara nyingi nne) na unganisha kwenye biti ya kwanza ya kipimo kingine, ficha kiungo chini ya pigo kubwa la ngoma, na hakuna atakayejua.

*Wimbo si wake.* Umeupenda wimbo, umeipenda tamthilia, na hivyo viwili havina undugu. Ukijikuta unaeleza kwa maneno mengi vinahusiana vipi, havihusiani. Funga mradi. Vipande ulivyoorodhesha vitafaa siku nyingine.

DALILI: Inagoma kutoka, inafika asilimia fulani inakufa

Angalia nafasi kwanza. Programu inaandika faili la muda pembeni ya faili la mwisho, kwa hiyo uwe na nafasi tupu angalau mara mbili ya ukubwa unaoutarajia. Futa akiba ya muda ya programu, usifute vipande vyako. Kisha joto: simu ikiwaka moto inapunguza kasi yenyewe au inafunga programu. Vua kava, itoe kwenye chaji, iweke mbele ya feni. Kwenye friji hapana, unyevu utakaoingia utakugharimu zaidi.

Kama inakufa asilimia ileile kila mara, si nafasi wala joto, kuna kipande kibovu pale pale. Toa nusu ya kwanza pekee. Ikitoka, mkorofi yuko nusu ya pili. Igawe tena. Mara nne au tano unamkuta, unamtoa, unaingiza nakala nyingine.

Kama faili linakatika kila likifika GB 4, tazama flashi au memori kadi unayoandikia. Zile zilizopangwa kwa mtindo wa FAT32 hazipokei faili moja kubwa kuliko hapo. Toa kwenye hifadhi ya ndani, au hamisha vilivyomo kisha uipange upya kwa exFAT.

Simama na umwite fundi kwa mambo mawili. La kwanza, mgongo wa simu au laptopu ukianza kunyanyuka: hiyo ni betri imevimba. Izime, usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe, iweke mbali na godoro na mapazia, ipeleke. La pili, kadi au diski iliyobeba vipande vyako ikidai uipange upya, au ikianza kulia tik tik. Usikubali kuipanga, usiandike chochote juu yake, na usijaribu programu tano za kurejesha mafaili moja baada ya nyingine. Kila jaribio linaweza kufunika kilichobaki. Fundi wa kuokoa data ana bei, na atakuwa na cha kuokoa endapo hujakigusa.

DALILI: Umepandisha, ikafifia au ikafungwa

*Imefifia.* Ngoja. YouTube huonyesha kwanza toleo dogo huku ikiandaa la ubora. Rudi baada ya saa moja. Ikiwa bado ina ukungu, hasa kwenye matukio ya giza au ya konfeti, toa video ya 1080 ikiwa imekuzwa hadi 1440 kisha upandishe hiyo. Hubanwa kwa upole zaidi.

*Imenyamazishwa au imepewa madai ya hakimiliki.* Soma kilichoandikwa, maana watu wanachanganya vitu viwili. Madai ya Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo na picha kwa mashine, kwa kawaida yanamaanisha mwenye wimbo anachukua mapato, au anaizuia video kwenye baadhi ya nchi. Chaneli haiadhibiwi. Onyo la hakimiliki ni jambo zito: matatu ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufutwa. Kwenye madai unaweza kukata kile kipande, kubadilisha wimbo, au kuyaacha yalivyo. Mimi huyaacha. Kupandisha kimo cha sauti ya wimbo (pitch) kidogo ili mashine isiutambue ni kujisumbua: unaharibu wimbo ulioukesha, na mara nyingi unatambuliwa vilevile. Na ile sentensi ya "sina nia ya kuvunja hakimiliki" chini ya video haijawahi kumzuia mtu.

Ukifikiria kupeleka pingamizi rasmi dhidi ya onyo, acha kuandika kwanza. Hiyo ni hati ya kisheria, jina lako na anwani vinamfikia mlalamikaji, na anaweza kukushtaki. Sheria ya Marekani inatoa nafasi kwa matumizi ya haki (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa katika hali fulani, ya kwetu ina mipaka yake, na hayo mawili hayafanani. Muone mwanasheria wa hakimiliki, au anza kwa kuuliza taasisi ya hakimiliki ya nchi yako: COSOTA kama uko Tanzania na KECOBO kama uko Kenya.

Vivyo hivyo siku mwenye duka la simu atakapokupigia akitaka ile editi yako aitumie kwenye tangazo, na fedha yake iko mkononi. Hapo umetoka kwenye ushabiki. Wimbo si wako, picha si zako, na ulichonacho cha kumuuzia ni mikato tu. Mwambie utamtengenezea nyingine kwa picha za duka lake na wimbo aliolipia.